Kujitolea Kabla ya Kura: Kazi ya Jirani kwa Jirani

Kila uchaguzi mkuu ukikaribia tunaona mambo yale yale hapa pande za Molo. Gari lenye vipaza sauti linapita sokoni, vijana wanalikimbilia, kofia na fulana zinarushwa, na akina mama wanaacha gunia la viazi likiwa nusu ili waende kusikiliza. Ukimwuliza mtu siku hiyo kama atapiga kura, anakushangaa. "Mimi? Nitaamka saa tisa usiku!" Halafu siku yenyewe inafika, na wengine wa wale waliokuwa wakiimba mbele kabisa huwaoni kwenye foleni.

Sisi tunaofanya kazi ya maendeleo ya jamii katika parokia tulifikiri kwa muda mrefu kwamba watu hao ni wa kelele tu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 tukaamua kuuliza badala ya kulaumu. Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo, baada ya kutafakari Injili ya Jumapili, tuliuliza bila kutaja chama cha mtu: nani hakupiga kura, na ni kwa nini?

Majibu yalitufunza. Kijana mmoja alipoteza kitambulisho mwezi wa tano, na kile kipya hakikufika kwa wakati. Mama mmoja aliyeolewa hapa kutoka Kuresoi alikuwa bado ameandikishwa kwao, na nauli ya kwenda na kurudi ingekula unga wa siku tatu. Shosho mmoja alifika kituoni, mashine ikakataa kusoma vidole vyake, akaona haya, akarudi nyumbani bila kuongea na mtu. Mzee mwingine hakuwa na wa kumwachia ng'ombe. Halafu kuna kijana wa bodaboda aliyebeba wapiga kura kutoka alfajiri, na yeye mwenyewe akafika kituoni saa kumi na moja na nusu jioni, watu hawaingii tena.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekosa hamu. Walichokosa ni mtu wa karibu wa kuwauliza mapema, "Je, kipande chako kiko wapi?" Kazi hiyo haina mshahara wala jukwaa. Ni kazi ya kujitolea, na ndiyo tunataka kuieleza katika toleo hili, pamoja na jinsi sisi wenyewe tulivyowahi kuiharibu.

Kura tano kwa kila kituo

Tuangalie kwanza hesabu ya nchi. Mwaka 2013 wapiga kura walioandikishwa walikuwa kama milioni 14.4, na karibu asilimia 86 walijitokeza. Agosti 2017 walioandikishwa walifika milioni 19.6, waliojitokeza wakawa karibu asilimia 79. Mwaka 2022 daftari lilikuwa na watu 22,120,458, lakini waliopiga kura ni kama asilimia 65 tu. Maana yake ni kwamba watu zaidi ya milioni saba ambao walikwisha kupanga foleni ya kujiandikisha hawakurudi kupanga ile ya kupiga kura. Daftari linakua na foleni inapungua.

Hata huko kujiandikisha mambo hayakwenda vizuri. Katika zoezi kubwa la Oktoba 2021, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, ile tunayoiita IEBC, ilitarajia wapiga kura wapya milioni sita. Walipatikana milioni moja na nusu hivi. Vijana wa umri wa miaka 18 hadi 35 walifanya karibu asilimia 40 ya daftari la 2022, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko ya 2017, ingawa kila mwaka wengine wanatimiza miaka 18.

Mtu atasema, kura moja ya shosho wa huku kwetu itabadilisha nini? Matokeo ya urais yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha tofauti ya kura 233,211 kati ya wa kwanza na wa pili. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Ukigawanya, unapata kura tano hivi kwa kila kituo. Kwa kituo kimoja, tano ni wale waliotajwa katika mkutano wetu: kijana wa kitambulisho, mama wa Kuresoi, shosho, mzee wa ng'ombe na yule wa bodaboda. Hatusemi wangempa nani kura. Hatujui, na si haki yetu kujua.

Tulikotoka

Kazi hii haikuanza jana. Wale wa umri wetu na zaidi wanakumbuka mlolongo wa 1988, watu wakipanga foleni nyuma ya wakala au picha ya mgombea mchana kweupe, na foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Sheria ya chama kimoja ilipoondolewa Desemba 1991 na kura ya siri ikarudi, wengi walikuwa hawajawahi kupiga kura ya vyama vingi maishani. Ilibidi watu wafunzwe kuanzia mwanzo kabisa: jinsi ya kukunja karatasi, na kwamba hakuna anayeweza kujua umeweka alama wapi.

Hapo ndipo Kanisa liliingia. Tume ya Haki na Amani ilikuwa imeanza, na jumuiya ndogo ndogo zilikuwepo tayari, kwa sababu maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele tangu miaka ya 1970. Waliosoma njia ya DELTA walijua kufundisha kwa picha: unaonyesha mchoro wa mtu akipewa noti na sukari, unanyamaza, unaacha watu waongee wenyewe. Katika uchaguzi wa Desemba 1997, Tume ya Haki na Amani, Baraza la Makanisa na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia waliungana na kutuma waangalizi zaidi ya 25,000 nchi nzima. Wengi walikuwa makatekista, walimu, akina mama wa vyama vya kitume na vijana wa kwaya.

Lakini hapa Molo hatuwezi kuzungumza juu ya uchaguzi kama watu wa mahali pengine. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa huku na Olenguruone. Januari 1998, baada ya kura, ikawa zamu ya Njoro. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi nzima iliona, zaidi ya watu 1,100 wakafa, na sisi tulilala na wakimbizi katika uwanja wa kanisa. Kwa hiyo jirani anapobisha mlango wako akiuliza habari za kura, swali la kwanza moyoni ni moja: huyu ametumwa na nani?

Kazi ya kujitolea inasimama au kuanguka kwa jibu la swali hilo.

Fulana za mwaka 2017

Tutaeleza kosa letu wazi. Mwaka 2017 tulikuwa na kundi zuri la wenye kujitolea katika vigango vitatu. Walitembea nyumba kwa nyumba kwa wiki kadhaa, kwenye matope ya huku mnayoyajua. Viatu viliisha. Mgombea mmoja akasikia habari zao, akatuma mtu na "shukrani kidogo": fulana, na shilingi mia tano kwa kila mmoja. Fulana hazikuwa na picha yake. Zilikuwa na rangi tu.

Tulijadiliana ofisini. Tukasema, hawa wanajitolea bure, wana watoto, na rangi si jina. Tukaruhusu.

Habari ilifika kabla ya fulana kufuliwa mara ya kwanza. Katika nyumba ambazo kundi lilikaribishwa chai juma lililopita, sasa mlango ulifunguliwa nusu. Mzee mmoja aliwauliza vijana wetu, kwa upole kabisa, "Mmelipwa ngapi?" Walipojaribu kueleza, akasema hana neno, ila waende. Katika nyumba hiyo kulikuwa na kogo mmoja asiyeona vizuri ambaye tulikuwa tumepanga asindikizwe kituoni. Siku ya kura hakusindikizwa. Familia yake iliona gari letu likija wakadhani ni la upande ule. Kogo huyo alifariki kabla ya 2022. Kura aliyoitaka hakuipiga, na sisi tunajua ni kwa nini.

Tangu siku hiyo msimamo wetu ni mkali, na wengine wanatuona wagumu. Anayejitolea katika kazi hii hachukui fulana, nauli, simu wala soda kutoka kwa mtu anayetafuta kiti, wala kutoka kwa binamu yake. Akitaka kumfanyia mgombea kampeni, ni haki yake ya kikatiba na tutamwombea heri, lakini anatoka kwanza kwenye kundi na kurudisha daftari. Afadhali kundi la watu wanne wanaoaminika kuliko arobaini waliovaa rangi.

Tulifarijika kwamba hatuko peke yetu. Septemba 2021 Maaskofu Katoliki wa Kenya walitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena kanisani, na Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi likakataa mchango mkubwa wa pesa kutoka kwa viongozi wa siasa na kusema urudishwe. Kukataa pesa si rahisi paa likivuja. Tunajua.

Pia tukubali jambo lingine ambalo si kosa la wanasiasa. Miaka ya wafadhili wengi ilitufunza vibaya. Semina ya elimu ya uraia ilikuwa na posho ya kikao, nauli na chakula cha mchana, na baadaye watu wakakataa kuja mkutano wowote bila kuuliza "kuna nini?" Sisi wafanyakazi wa jamii ndio tuliogawa bahasha hizo. Sasa tukiita watu wajitolee wanatukumbusha. Yule Msamaria wa Injili alilipa kwa mfuko wake mwenyewe, lakini hatukuwa tukiifundisha sehemu hiyo kwa sauti kubwa.

Kazi yenyewe ikoje

Wengi wanadhani kuhamasisha ni kupiga kelele. Katika uzoefu wetu, kazi kubwa ni daftari la shilingi hamsini na kalamu. Kila jumuiya ina watu wawili, mwanamke na mwanamume, na kwa huku kwetu tunajaribu wasiwe wa kabila moja. Wanapita kwa nyumba zote za mtaa wao, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na kuuliza mambo machache. Nani ametimiza miaka 18 au atatimiza kabla ya uchaguzi? Ana kitambulisho? Ameandikishwa wapi? Hawaandiki nambari ya kitambulisho cha mtu, wala hawakishiki mkononi. Hiyo ni sheria yetu, kwa sababu zamani kadi za kura zilinunuliwa na kufungiwa kwa masanduku ili mtu asipige kura. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoingia mwaka 2012, mtu hapigi kura kwa kadi ya kura tena. Anakuja na kitambulisho au pasipoti aliyojiandikishia. Wanunuzi nao wakahamia kwa vitambulisho. Anayekuomba kitambulisho chako "akuwekee" anakuibia kura, na ukikubali hongo hiyo nawe umevunja sheria pamoja naye.

Kitambulisho ndicho kinachochukua muda mrefu. Kijana anahitaji hati zake, karatasi za mzazi, sahihi ya chifu, halafu safari ya ofisi ya usajili wa watu, halafu kungoja. Mzazi akiwa amefariki au hakuwa na kitambulisho chake, kungoja kunakuwa kurefu zaidi. Hapa ndipo mtu wa kujitolea anafaa kuliko mhubiri: anajua chifu yuko siku gani, anaandamana na yatima ambaye hana shangazi wa kumshuhudia, na baada ya wiki sita anamkumbusha arudi kuangalia. Vitambulisho vingi hukaa ofisini vikiwa tayari na mwenyewe hajui.

Na muda hauna huruma. Mwaka 2022 usajili wa wapiga kura ulifungwa mapema Mei, wakati kampeni zenyewe zilikuwa hazijapamba moto. Kijana aliyepata joto la siasa Juni alikuwa amekwisha chelewa. Ndiyo maana tunasema hamu inakuja baada ya mlango kufungwa, na anayejitolea ni lazima aanze wakati hakuna anayependa kusikia habari za uchaguzi. IEBC ilifungua tena usajili wa mfululizo tarehe 29 Septemba 2025 katika ofisi za maeneo bunge, kwa ajili ya uchaguzi wa Agosti 2027. Aliyehama naye, kama yule mama wa Kuresoi au wale waliotawanyika 2008 na kujenga mahali pengine, anaweza kuomba kura yake ihamishwe hadi anapoishi, mradi afanye hivyo mapema.

Siku ya kura kuna mambo matatu tunayofundisha, na tunayarudia hadi watoto wanayajua.

Kwanza, vidole. Mkulima wa viazi na pareto vidole vyake vimesuguliwa na udongo miaka arobaini, si ajabu mashine isivisome. Mwaka 2022 utaratibu ulikuwa kwamba karani ajaribu vidole vingine, na ikishindikana atafute jina kwa nambari ya kitambulisho, na fomu 32A ijazwe mbele ya mawakala. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba shosho arudi nyumbani. Lakini shosho hakuambiwa na mtu, ndipo akaona haya. Sasa tunawaambia akina mama wazee: mashine ikikataa, usitoke. Simama hapo hapo umwite msimamizi wa kituo.

Pili, msaada. Asiyeona, au asiyejua kusoma, ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini, mwenye miaka 18 au zaidi, ambaye anaapa kutunza siri. Mtu mmoja anaruhusiwa kusaidia mpiga kura mmoja tu. Kwa hiyo mjukuu mmoja hawezi kuwazungukia wazee wa kijiji kizima, na ukiona mtu anafanya hivyo, mwulize msimamizi. Kazi hii si ya wenye kujitolea wetu, ni ya familia. Sisi tunamfikisha mtu mlangoni, basi.

Tatu, saa. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekwisha kuingia kwenye foleni kabla ya kufungwa anapiga kura yake hata ikiwa usiku. Vijana wa bodaboda tumewaomba wapige kura zao kwanza, ndipo wabebe abiria. Wanacheka, wanasema pesa ni za asubuhi. Hilo bado hatujalipatia dawa.

Joto la vijana

Juni 2024 vijana wengi waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 watu waliingia Bungeni, wengine waliuawa, na siku iliyofuata rais akasema hautii sahihi. Huku kwetu pia walikuwepo, wengine watoto wa kwaya yetu. Wazazi waliogopa, na wengine walikasirika. Sisi tuliwaita vijana hao ukumbini tukawasikiliza. Mmoja alituuliza: "Nyinyi mmepiga kura tangu 1992. Zimefanya nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na tunamshukuru kwa kuuliza. Tulimwambia ukweli kwamba nyingine ziliibwa, nyingine ziliuzwa, na nyingine zilimwaga damu. Tukamwambia pia kwamba kulikuwa na wakati karatasi ya matokeo haikuwa kitu cha mwananchi wa kawaida kuona. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa katika eneo bunge ndiyo ya mwisho kwa eneo bunge hilo, na Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais. Mwaka 2022 fomu 34A za vituo ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu azisome. Fomu hiyo hubandikwa mlangoni pa kituo baada ya kuhesabu. Yeyote mwenye simu anaweza kuipiga picha na kulinganisha na ile iliyofika Nairobi, na kwa vituo vyetu vichache vijana walifanya hivyo, usiku, kwa baridi ya Molo.

Kijana huyo hakusema ameridhika. Alisema, "Nipeni daftari nione." Sasa ndiye anayetembea mtaa wa juu wa kigango chake, pamoja na mama mmoja muuza mboga anayemzidi umri kwa miaka thelathini. Wanabishana njia nzima. Yeye anaona mama anapoteza muda kunywa chai katika kila nyumba, na mama anamwambia hakuna nyumba itakayokujibu ukiwa umesimama.

Katika daftari lao la mwezi uliopita kuna majina ya vijana kumi na mmoja ambao wametimiza umri na hawana kitambulisho. Saba wamekwenda kwa chifu. Watatu wanangoja vyeti vya kuzaliwa. Mmoja anasema hataki, kura ni bure tu, na mama muuza mboga ameandika mbele ya jina lake kwa penseli: "Nitarudi Alhamisi."